Maana za Penseli

Wanafunzi wa darasa la sita walimwita mwalimu wao Kamusi. Walimwita hivyo nyuma ya mgongo wake wakidhani hajui, na yeye alijua tangu zamani ila alijifanya hajui, kwa sababu jina lilimkaa vizuri. Kuna walimu waliobandikwa majina ya wanyama, na kuna mmoja wa hesabu aliyeitwa Kikohozi mpaka akaomba uhamisho. Kupewa Kamusi, yeye aliona ni heshima. Ungemtazama asubuhi akielekea darasani, kifua mbele, miwani ikining'inia kwenye uzi, ungejua anaamini anastahili.

Kazi yake ilikwenda hivi. Mtoto anasimama, anasoma kwa sauti, anafika kwenye neno asilolijua, anakwama, ananyoosha mkono. Kabla mkono haujafika juu, maana imeshatoka: kuchechemea ni kutembea huku mguu mmoja ukikuuma, endelea. Mtoto anachukua penseli, anaandika maana hiyo kwa herufi ndogo juu ya neno lenyewe, na kusoma kunaendelea. Mwaka ukiisha vitabu vinarudi kabatini. Mwaka mwingine vinatoka, na mtoto mpya anakuta maana zote zinamsubiri. Kwa kuwa vitabu vilikuwa vilevile kwa miaka kumi na saba, kila ukurasa sasa ulikuwa na waandishi wawili, wa wino na wa penseli, na ukipima kwa maneno huenda wa penseli ndiye aliyeandika zaidi. Hakuna darasa pale shuleni lililosoma kwa kasi kama lake. Wageni wakija, walipelekwa kwake kwanza.

Tatizo lilikuwa mtihani. Kila mwaka ulikuja mtihani wa kusoma kutoka nje ya shule, na ndani yake hadithi ambayo hakuna aliyewahi kuiona, mtoto wala mwalimu. Mwaka uliopita, katika watoto arobaini na mmoja, walifaulu tisa. Kamusi alilaumu joto. Kisha akalaumu karatasi, ambazo kweli zilichapwa kwa wino hafifu. Alipokosa cha kulaumu alinyamaza, na kwake yeye kunyamaza ilikuwa kazi nzito.

Mwalimu Mkuu alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, na alimwita mama kama walivyomwita walimu wote wa umri wake. Siku hiyo alimkaribisha kiti, akauliza hali ya mzee nyumbani, akasifu miwani, akazunguka sana kabla ya kufika alikokuwa anakwenda. Mtihani ulikuwa baada ya wiki sita. Nusu ya darasa wakifaulu, Kamusi angebaki na watoto wake mpaka mwisho wa mwaka, ambao ndio ulikuwa mwaka wake wa kustaafu. Wasipofaulu, darasa lingepewa mwalimu kijana wa darasa la nne, na yeye miezi yake ya mwisho angeimalizia stoo, akihesabu vitabu.

"Siyo adhabu, mama," alisema Mwalimu Mkuu. "Ni kwa ajili ya watoto."

"Najua ni kwa ajili ya watoto. Ndiyo maana inauma."

Miaka thelathini na mmoja alikuwa amesimama mbele ya ubao. Alikuwa amewaza siku yake ya mwisho mara nyingi, jinsi atakavyofuta ubao mwenyewe, aweke chaki mezani, aage. Katika mawazo hayo yote hapakuwa na stoo. Alitoka ofisini amejikaza kisabuni, akasalimia watu wawili njiani kwa sauti ya kawaida kabisa, na alipofika choo cha walimu akafunga mlango, akalia kidogo, akanawa uso, akaenda kufundisha.

Mume wake alikuwa fundi cherehani. Macho yalikuwa yameanza kumchosha na siku hizi alishona asubuhi tu, lakini cherehani ilibaki pale dirishani na yeye alibaki nyuma yake, akisoma gazeti alasiri huku miguu yake ikiwa kwenye pedeli kwa mazoea.

"Mama," aliita bila kuinua kichwa, "mustakabali ni nini?"

"Siku za mbele. Mambo yatakayokuja."

Mzee akaguna kuonyesha amepata, akageuza ukurasa. Kamusi alikuwa anamimina chai, na birika likamsimama mkononi. Neno hilo alikuwa amempa juzi. Na wiki iliyotangulia, alipokuwa anasoma habari za barabara. Akamwuliza, bila ukali, amekwisha kumpa neno hilo mara ngapi tangu waoane.

Mzee akafikiri kwa uaminifu, kama mtu anayepima kitambaa. "Nyingi. Lakini nijisumbue kulikumbuka kwa nini, na wewe upo?" Akatabasamu. "Hata ukienda kwa dada yako, gazeti huwa nakuwekea. Nasoma ukirudi."

Alilisema kwa mapenzi, na lilipaswa kumfurahisha. Kamusi aliketi. Alikunywa chai yote bila kuionja, kisha akauliza swali ambalo katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuuliza: mteja akileta nguo ambayo hujawahi kuiona, anataka nyingine kama hiyo, unaanzia wapi?

Hapo mzee akaweka gazeti chini kabisa. Alisema huwa anaigeuza ndani nje, maana upande wa nje ni wa kujionyesha, mishono iko ndani. Anaona imeunganishwa kwa vipande gani, na mara nyingi vipande vyenyewe ni vile vile vya siku zote. Kipande asichokielewa anakitazama pamoja na jirani zake, kwa sababu hakuna kipande kinachokaa peke yake. Akishapata wazo hakati kitambaa. Anakata karatasi, anaipachika pale kwa pini, anarudi nyuma hatua mbili na kutazama kama inakaa.

"Na isipokaa?"

"Nimeharibu karatasi. Karatasi si kitambaa. Nakata nyingine."

Kamusi alichomoa kalamu kwenye nywele zake na kuandika yote hayo pembeni mwa gazeti, juu ya ile habari ya mustakabali.

Kesho yake hakugawa vitabu. Aliandika ubaoni hadithi fupi aliyoitunga mwenyewe akitembea kwenda shule. Babu alikuwa na kiangazamacho. Nyumba nzima ikikoroma, yeye alikuwa ameketi kitandani akisikiliza saa ya ukutani, na asubuhi alikuwa anasinzia kwenye uji.

Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa yule binti wa dawati la mbele ambaye wenzake walimwita Nini Maana, na sababu ya jina haihitaji maelezo. Alikuwa mtoto mwembamba, mwenye sauti ya wazi, asiyeona haya kuuliza jambo lolote mbele ya mtu yeyote. Aliuliza kiangazamacho nini maana. Ulimi wa Kamusi ulikuwa umeshainuka. Akauma meno, akaurudisha, akamwuliza yeye anadhani ni nini.

Binti akatazama ubao. Hakutazama neno, alitazama juu ya neno, mahali ambapo kitabuni pangekuwa na penseli. Na Kamusi, aliyekuwa amesimama pembeni mwa ubao akiwaelekea, aliona macho ya watoto arobaini na watatu yamepanda pale pale, umbali wa kidole kimoja juu ya neno, yakitafuta mahali patupu. Miaka yote hiyo alidhani anawafundisha kusoma, kumbe alikuwa anasoma yeye.

Akaanza na ndani nje. Aliwaambia walivue neno waone limeshonwa kwa nini. Mtu mmoja wa nyuma akasema kuna macho humo. Mwingine akaona kuangaza. Wakatazama majirani: nyumba inakoroma, babu ameketi, asubuhi anasinzia. Nini Maana akasema kwa wasiwasi kwamba labda ni kukosa usingizi. Kamusi akafuta kiangazamacho, akaandika kukosa usingizi mahali pake, akawaambia warudi nyuma hatua mbili na kusoma upya. Ikakaa. Mistari mitatu ilikuwa imekula kipindi kizima, na waliosema kitu walikuwa wanne. Wengine walikuwa wamemkodolea macho, penseli mkononi, wakingoja Kamusi aseme kama ndiyo yenyewe.

Ijumaa aliamua jambo ambalo walimu wenzake walilizungumza katika chumba cha walimu kwa wiki nzima. Alifungua kabati, akagawa vitabu vyote ishirini na viwili, akaagiza maana zote zifutwe. Kila mtoto alikuja na raba, na waliokosa walikuja na kipande cha kandambili kuukuu, ambacho hufuta vizuri kuliko unavyodhani. Kulikuwa na sharti moja. Kabla ya kufuta, wasome sentensi na kuiweka ile maana ya penseli mahali pa neno. Ikikaa, wafute. Isipokaa, wamwite.

Hili la mwisho alilisema kwa kujaza maneno tu, maana hakutarajia kuitwa. Darasa likajaa mlio wa raba na vumbi la kijivu, na yeye akapita kati ya madawati akitazama kazi yake ya miaka kumi na saba ikipulizwa sakafuni.

"Mwalimu," alisema Nini Maana, "hii haikai."

Ilikuwa hadithi ya bibi na nyumba yake ya udongo. Bibi aliweka taa kwenye shubaka, chumba kikajaa mwanga. Juu ya shubaka palikuwa na penseli ya kale, imepitiwa na vidole vya watoto wengi: meza ndogo. Kidole cha binti kikashuka mistari saba chini. Mvua kubwa ilinyesha, ukuta wa upande mmoja ukabomoka, na shubaka likaenda nao.

"Meza itaendaje na ukuta?" aliuliza. "Meza ingebaki."

Kamusi aliikumbuka siku hiyo yote. Miaka kumi na minne iliyopita, mkaguzi alikuwa ameketi dawati la nyuma, daftari gotini, na mvulana mmoja akakwama kwenye shubaka. Kamusi hakulijua. Hakuwahi kukutana nalo. Mdomo ukafunguka wenyewe ukasema meza ndogo, endelea, na mkaguzi akaandika kitu kizuri daftarini mwake. Alasiri ile ile alitafuta akakuta ni lile tundu linaloachwa makusudi ukutani, la kuwekea taa na vitu vidogo. Lakini penseli zilikuwa zimeshaandika. Angerudi kuwaambia kesho. Na kesho hiyo aliisukuma na kuisukuma, mpaka mwenyewe akazoea kuona meza ndogo pale kama vile ilikuwa na haki ya kuwapo.

Binti alikuwa anasubiri. Watoto wawili wa dawati la jirani walikuwa wameacha kufuta na kusikiliza. Ilikuwa rahisi sana: raba iko mkononi, dakika moja tu na hakuna atakayejua.

"Futa tu," alisema Kamusi.

Nini Maana alimtazama kidogo, kisha akafuta.

Wiki ya tatu Mwalimu Mkuu alileta jaribio, ili wajue wamesimama wapi. Wakajua. Walifaulu wanane, yaani mmoja pungufu ya mwaka wa aibu. Mwalimu Mkuu aliweka furushi la karatasi mezani kwa Kamusi taratibu, akaondoka. Baadaye mwalimu kijana wa darasa la nne alimletea chai bila kuombwa. Aliwahi kuwa mwanafunzi wake mwenyewe, na ndiye aliyekuwa anasubiriwa kuchukua darasa. Alimwambia kwa adabu zote kwamba kama kuna la kusaidia, yeye yupo. Kamusi alimshukuru. Chai ilikuwa tamu na aliichukia.

Alikaa peke yake na zile karatasi, akifikiri kwamba bado kuna wiki tatu, na kwamba angeweza kurudi kwenye mtindo wake, awape maneno mia mbili yanayopenda kuja mitihanini, wayameze. Ndipo alipotambua kitu. Kwenye maswali ya maneno magumu, watoto hawakuwa wamekosea. Walikuwa wameacha wazi. Karatasi baada ya karatasi, nafasi nyeupe tupu, kama vyumba ambavyo hakuna aliyethubutu kuingia. Angekuta majibu ya kipuuzi angecheka na kusahihisha. Huwezi kusahihisha mahali patupu.

Karatasi ya Nini Maana nayo ilikuwa na nafasi nyeupe, lakini nyeupe yake ilikuwa na madoa. Kamusi aliinua karatasi kuelekea dirishani. Chini ya mikwaruzo ya raba aliweza kusoma, kwa mwandiko ule wa wazi, jibu sahihi. Na swali lililofuata, jibu sahihi. Maswali yote matano ya maneno magumu alikuwa ameyapata, akayaandika, kisha akayafuta.

Hakuhitaji kuuliza nani alimfundisha kufuta. Aliweka karatasi chini na kuifunika kwa mikono yote miwili. Aibu iliyompanda haikuwa ile ya ofisini, ya stoo na kustaafu. Hii ilikuwa ya moto, na ilikuwa yake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata aliandika ubaoni neno moja, shubaka, na juu yake kwa herufi ndogo, meza ndogo. Akawaambia wafungue hadithi ya bibi na kuisoma kimya mpaka ukuta uanguke. Wakasoma. Mwalimu kijana alikuwa amekuja kuazima chaki, akasimama mlangoni akisubiri.

"Hii maana niliitoa mimi," alisema Kamusi. "Ni ya uongo."

Hakuna aliyetikisika. Wengine walimtazama wakingoja sehemu ya pili, ambayo ingeeleza kuwa ulikuwa mtego wa kuwapima. Haikuja. Aliwaambia habari za mkaguzi na daftari, jinsi alivyokuwa hajui, jinsi alivyoona haya kusema hajui, jinsi alivyojua baadaye na akanyamaza. Alisema yote bila kuyapunguza makali.

"Kwa hiyo," alisema Nini Maana polepole, "haikuwa inakaa."

"Haikuwa inakaa. Wewe uliona, na mimi nilijua umeona, na nikakwambia ufute. Nisamehe, mwanangu."

Binti hakujua aangalie wapi. Kwa maisha yake yote mafupi alikuwa hajaombwa msamaha na mtu mzima. Aliitikia kwa kichwa, akainamia kitabu.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni. "Samahani, mwalimu. Shubaka siyo meza ndogo?"

Kamusi akageuka. Alikuwa ameusahau umri wa mwalimu kijana, na sasa akauhesabu haraka. Yule mvulana aliyekwama siku ya mkaguzi hakuwa mwingine ila yeye.

"Siyo, baba. Ni tundu la ukutani."

Mwalimu kijana aliushika mlango. Alisema, akisahau kabisa kwamba yuko mbele ya watoto, kwamba nyumbani kwake ipo meza ndogo karibu na kochi, na yeye tangu aoe huiita shubaka. Mke wake humcheka. Yeye humwambia kwa majivuno kwamba hilo ni neno la wasomi, alifundishwa na mwalimu asiyekosea.

Mtoto mmoja wa nyuma alikoroma kwa kuzuia kicheko, na hapo hapakuwa na wa kuzuia tena. Darasa lote liliangua, mwalimu kijana akaangua, na Kamusi, baada ya kupambana nacho kidogo, akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Yalikuwa mchanganyiko, machozi hayo, lakini yalimtoa kitu kifuani kilichokaa humo miaka kumi na minne.

Siku hiyo aliweka sheria mpya. Hakuna kufuta ulichokisia kwa sababu unaogopa, wala kwa sababu mwalimu amekunja uso. Sentensi yenyewe ndiyo iseme hapana. Na tangu siku hiyo midomo ikafunguka. Haikufunguka kwa hekima, tusidanganyane. Mtoto mmoja alishikilia siku mbili kwamba mkufunzi ni mtu anayefunga mikufu. Mwingine kila neno gumu aliliona ni jina la ndege. Lakini walisema, wakapachika karatasi, wakarudi nyuma hatua mbili, wakaona wenyewe kwamba haikai, wakakata nyingine. Kamusi alipita kati ya madawati, mikono nyuma, ulimi ukimwasha. Neno lake kubwa siku hizi lilikuwa moja, na walianza kumwigiza nalo uwanjani: tuanze juu. Mtoto akikwama na kumkimbilia, alimwekea kidole juu ya ukurasa na kusema, basi tuanze juu.

Siku ya mtihani mwalimu wa darasa hakuruhusiwa kuingia. Msimamizi alikuwa mwanamke wa shule nyingine, mwenye saa kubwa na uso usio na habari. Kamusi alisimama uwanjani karibu na bomba la maji, akijifanya ananawa mikono, mahali ambapo dirisha la tatu lilimwonyesha dawati la mbele. Alinawa mikono hiyo kwa karibu saa nzima.

Aliona Nini Maana akisoma, kidole chini ya mstari. Aliona kidole kikisimama. Aliona mkono wa kulia ukiinuka kutoka dawatini, ukapanda mpaka usawa wa sikio, na macho ya binti yakatoka dirishani moja kwa moja mpaka bombani, yakamkuta. Kamusi hakufanya kitu. Hakutikisa kichwa, hakutabasamu, ingawa kila mshipa mwilini mwake ulitaka kupiga kelele maana ya neno ambalo hata hakulijua ni lipi. Mkono ukabaki hewani kidogo. Kisha ukashuka, kidole kikarudi juu kabisa ya ukurasa, kikaanza upya. Baada ya muda penseli ikaandika. Raba ilikuwa pale pale dawatini, na haikuguswa.

Alifurahi, na papo hapo akaumia, na hakuona sababu ya kuficha lolote kati ya hayo mawili. Miaka thelathini na mmoja watu walimhitaji awape. Sasa alikuwa amefanikiwa kutohitajika, na bomba lilikuwa linatiririka bure. Akalifunga.

Walifaulu ishirini na watano kati ya arobaini na watatu. Haikuwa ajabu ya kutangazwa popote, na shule ya jirani ilipata zaidi. Mwalimu Mkuu alimfuata darasani badala ya kumwita ofisini, akasema mama, darasa ni lako, akatoka haraka kwa sababu naye machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mwalimu kijana alileta chai. Safari hii Kamusi aliinywa kwa raha, akamwuliza mkewe anasemaje, akajibiwa kwamba ile meza sasa imepewa jina rasmi na haliwezi kubadilishwa tena.

Nyumbani mzee alisikia matokeo, akapiga kofi moja kwenye cherehani. Kisha akachukua gazeti. Alikwama mahali, akafungua mdomo, akamwona mke wake anavyomtazama, akaufunga. Akashusha gazeti, akaligeuza, akaanza habari ile tangu mwanzo huku akinung'unika kwamba ndani ya nyumba hii sasa kila mtu ni mwanafunzi.

Siku ya mwisho ya mwaka Kamusi alifuta ubao mwenyewe, akaweka chaki mezani. Watoto walikuwa wameshaaga na kutoka. Alikuwa anamimina droo kwenye mfuko, raba, pini, vipande vya chaki vya miaka, aliposikia hatua, na Nini Maana akaingia na kitabu kinene kisicho cha shule. Alisema amekiazima kwa mwalimu kijana. Alisema kuna neno amelikisia, na ametazama ndani nje, na majirani, na amepachika karatasi, na anadhani inakaa, ila leo ni siku ya mwisho na alitaka kumsikia mwalimu.

Kamusi alivaa miwani. Neno lilikuwa chamchela. Alilitazama kwa makini, akalitazama tena. Hakuwahi kukutana nalo. Alihisi ule mwendo wa zamani wa mdomo, wepesi wake, maana ya bandia ikijipanga yenyewe nyuma ya meno, na hapakuwa na mkaguzi wala mtu mwingine darasani wa kumbaini.

"Silijui hilo," alisema.

Binti hakushangaa hata kidogo. Alivuta kiti, akaketi karibu na mwalimu wake, akaweka kitabu kati yao na kidole juu kabisa ya ukurasa.

"Basi tuanze juu, mwalimu."

Wakaanza juu.